Nyimbo Zinazomfikisha Mtu Juu

Vijana wa winchi, nawasalimu nyote. Shija ameniandikia kwenye simu kwamba tangu niondoke mmebaki mnabishana juu ya nyimbo, kila mtu anaweka za kwake, na juzi mlimpandisha mchimbaji kwa taarabu akafika juu amelala. Ameniomba nitaje nyimbo ninazozipenda siku hizi na sababu zake. Nitazitaja. Ila mnanijua, jambo la leo siwezi kulisema bila kupitia la jana, na shule niliishia darasa la pili kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko walimu. Kwa hiyo someni polepole, na kama kuna mtu shimoni mpandisheni kwanza.

Kazi hii sikuianza kwa kupenda muziki. Nilitoka kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, nikaenda Kahama kumtafuta mjomba aliyekuwa akinunua mpunga. Sikumkuta. Nikaambiwa amefuata rashi huko Geita, yaani mahali dhahabu imeonekana na kila mwenye miguu amekimbilia. Nikapanda basi, nikafika karibu na Rwamgasa, nikaambiwa mjomba amesharudi Kahama. Tulipishana barabarani, na mpaka leo anasema mimi ndiye niliyekosea njia, wakati njia yenyewe ni moja. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Nikabaki, na kubaki kwenyewe ndiko huku nilikozeekea.

Humu kwenye kundi kuna wageni, basi nieleze. Winchi yetu haina umeme. Ni gogo limelazwa juu ya mdomo wa duara, na duara ni shimo la kuchimbia, limekwenda chini wima kama kisima. Gogo lina mikono ya chuma huku na huku, kamba imezungushwa katikati. Watu wawili wanazungusha. Mwisho wa kamba kuna kijiti, mchimbaji anakikalia kama mtoto kwenye bembea, anashuka nacho na kupanda nacho. Wazungushaji wakienda pamoja, anapanda vizuri. Mmoja akiwahi na mwenzake akichelewa, kamba inaruka na mtu anabisha hodi ukutani kwa kichwa. Hapo ndipo wimbo unapohitajika. Kwetu wimbo unahesabiwa pamoja na gogo na kamba, na ukiharibika unabadilishwa kama kamba. Kule Buzwagi, kwenye mgodi wa kampuni, shimo lao lilikuwa la kuingia na magari, wao hawakuhitaji wimbo, walihitaji dereva.

Aliyenifundisha ni Mzee Nkwabi, Mungu amrehemu, mtu wa Maswa. Ujanani alikuwa mwimbaji wa zile ngoma za mashindano, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshindwa ni yule ambaye watazamaji wamemkimbia. Magoti yalipomkatalia kucheza akaja kuimbia winchi. Alikuwa akisema watazamaji wa huku ni bora zaidi, kwa sababu aliye kwenye kamba hawezi kuondoka.

Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa chuma. Aliniuliza najua wimbo gani. Nikasema najua wa kwaya. Akafunga kiroba cha kifusi kwenye kamba, akaniweka mkono mmoja na mtu mwingine mkono wa pili, akasema imbeni. Sasa kwaya ina sauti nyingi. Mimi nilifuata besi, mwenzangu akafuata sauti ya juu kwa kuwa ndiyo aliyozoea kwao, na kila mmoja alikuwa sahihi kwenye sauti yake. Kiroba kilizunguka kama pia, kikafika juu kimepasuka, kifusi chote kimerudi kilikotoka. Mzee Nkwabi hakukasirika. Akasema, ngosha, mwanaume wewe, Mungu anasikia sauti zote kwa pamoja, kamba inasikia moja tu. Tangu siku hiyo sijaweka kwaya kwenye winchi, ila Jumapili naimba, na bado naimba besi.

Alinifundisha sheria zake, nazo mnazo. Usianze kumvuta mtu bila wimbo. Usimbadilishie mtu wimbo akiwa katikati ya kamba. Hii ya pili ilimpata jamaa mmoja wa Bukombe, alitolewa kwenye wimbo wa polepole akatiwa kwenye wa haraka, na hata leo akitembea anaegemea upande wa ukuta.

Miaka ile tuliimba kwa mdomo. Halafu ikaja redio, tukafurahi kwamba koo zitapumzika. Redio haikufaa. Mtangazaji anakata wimbo katikati anatangaza sabuni, na ninyi mna mtu kwenye kamba. Mnafanyaje? Tulijaribu kumvuta mtu kwa tangazo la sabuni, akapanda vizuri kidogo, ila walipofika kwenye matangazo ya vifo Shija akaacha chuma akavua kofia. Tukaiuza redio. Zikaja flashi, zikaja simu na spika ndogo isiyo na waya, ndipo tukaanza kuchagua wenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa. Wasanii wakubwa sina ugomvi nao, lakini nyimbo zao hazivuti. Anaanza kutaja jina lake, anataja aliyempigia muziki, anataja mji, anacheka kidogo, anajitaja tena. Mchimbaji ameshakaa kwenye kijiti anangoja. Halafu wimbo wenyewe unapoanza unateleza tu, hauna mahali pa kusukumia. Nyimbo zangu mimi ni za hawa wanaoitwa andagraundi, wasio na meneja wala kampuni, wanaorekodi kwenye chumba cha nyuma cha saluni pale Kahama, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele. Wengi wao wana kazi nyingine mchana. Mtu mwenye kazi nyingine haimbi kwa kupoteza muda.

Wa Mama Minza uwekeni asubuhi. Mama huyu anauza wali kwa madereva wa malori, na wimbo wake unaitwa Nirudishie Jembe. Anamdai jirani jembe aliloazima tangu msimu uliopita, basi, hakuna kingine, wimbo mzima ni jembe. Ninaupenda kwa sababu hasira yake haipandi wala haishuki, ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hasira ya namna hiyo ndiyo mkono unayoitaka. Tena wakati anarekodi mbuzi alilia nje ya dirisha, mwenye studio akashindwa kumtoa, kwa hiyo mbuzi yumo mwishoni. Pale anapolia ndipo kiroba kinapotokeza, kama wazungushaji hamkuzembea. Tulizoea mpaka siku moja mbuzi wa kweli akalia karibu na turubai, tukafunga gogo wote tukainama kupokea kiroba ambacho bado kilikuwa kule chini kabisa.

Wa kushusha ni habari nyingine. Wimbo wa kushusha usiwe na furaha. Ukiwa na furaha mikono inalegea, na mtu anawahi kazini kuliko alivyopanga. Mimi natumia Usinipige Picha, wa fundi baiskeli mmoja Mzinza. Alipigwa picha kwenye harusi akiwa mdomo umejaa pilau, picha ikasambaa, na hajapona. Anaimba kwa majonzi hadi unatamani kumshika bega. Kamba inakwenda polepole yenyewe. Wachimbaji wanasema wakishushwa na wimbo ule wanafika chini wana huzuni kidogo lakini wazima, na kwa kazi yetu hilo linatosha.

Wa mapacha Kulwa na Doto unaufahamu kila mtu, wanagombania pikipiki. Kulwa anasema umeichukua, Doto anasema sikuichukua, na waliorekodi wanasema haukuwa utunzi, waliingia studio wakiwa wanagombana kweli. Wimbo unaisha mlango umebamizwa. Ule unavuta ajabu, kwa sababu mzungushaji wa kulia anakuwa upande wa Kulwa na wa kushoto upande wa Doto, kila mtu anasukuma kumkomesha mwenzake. Msiwaweke ndugu wa familia moja kwenye wimbo huo.

Na sasa Bundala. Nimemwacha nyuma kwa makusudi kwa sababu habari yake ni ndefu na chai yangu ilikuwa haijaja. Imekuja.

Bundala mnamjua, mchimbaji wa duara letu, mtu wa Nyang'hwale, mrefu hadi tulimfungia kijiti chake mwenyewe. Alikuwa anampenda Rehema, binti wa Mama Rehema anayetupikia. Jiko la Mama Rehema liko karibu na winchi kiasi kwamba nyimbo zetu zote anazisikia kutwa. Hajawahi kuomba wimbo hata mmoja. Ila wimbo mbaya ukipigwa anafunika sufuria kwa kishindo, nasi tunauondoa. Nyimbo zote nilizowatajia zilipita kwenye mfuniko ule.

Bundala akaniomba niwe mshenga wake. Nikavaa koti, nikavuka kutoka kwenye winchi hadi jikoni, safari fupi kuliko zote nilizovalia koti. Mama Rehema akanikaribisha kigoda. Nikasema maneno yote mazuri ya Bundala, hayakuchukua muda. Akasikiliza huku anakatakata nyanya, akasema kuchimba dhahabu ni kubahatisha, leo yupo kesho kapotea. Nikasema kijana pia anaimba. Akasema hilo ndilo linalomtisha zaidi.

"Baba Kabula," akaniambia, "mtoto wangu simpi mtu asiye na kazi. Huyo kijana akileta wimbo mmoja unaofanya kazi, aje. Unaofanya kazi, siyo unaopendeza. Umtoe mtu chini umfikishe juu bila kusimama, hapo nitasema kweli ana kazi."

Rehema alikuwa pembeni anachambua mchele. Nikamwuliza, mayu, mama yangu, na wewe unasemaje. Akasema bila kuinua macho kwamba yeye ameshakubali, sharti lake ni Bundala awe anapanda mzima kila siku.

Nikarudisha majibu. Bundala akaoga, akapanda basi la Kahama, akapotea wiki. Aliporudi alikuwa na wimbo kwenye simu, unaitwa Hodi Mama Rehema. Tulikaa chini ya turubai kuusikiliza, mimi, Shija na Luhende anayeshika simu ya nyimbo. Vijana, nimesikia nyimbo. Ule ulianza bila kujitaja jina wala kucheka. Ngoma ilikuwa nzito, imekaa mahali pake, ukiisikia mkono unajisukuma wenyewe hata kama umeshika kikombe. Luhende alimwaga chai. Nikamwona Mama Rehema kule jikoni ameshika mfuniko, hakufunika.

Ulipofika katikati ngoma ikanyamaza. Sauti ya Bundala ikasema, taratibu kabisa, "Shikamoo mama." Halafu kimya. Tukangoja. Kimya.

"Simu yako imezima chaji," Shija akamwambia.

"Haijazima. Nimemwamkia mama mkwe. Namngoja aitikie."

"Unamngoja ndani ya wimbo?"

"Sasa nimwamkie nipite tu? Nimelelewa wapi mimi?"

Na kweli, baada ya muda mrefu sana ngoma ikarudi, nusu ya pili nayo ikawa tamu kama ya kwanza. Akatueleza kwamba mwenye studio alitaka kukata ule ukimya, wakabishana mpaka wenye kusuka saluni wakaja kuamua. Urefu wake aliupima kwa mama yake mzazi. Mama yake ukimwamkia, kwanza anaweka chini alichobeba, anafuta mikono, anakutazama ni nani, ndipo anaitikia. Bundala alisimama mbele ya kinasa sauti, akafumba macho, akamngoja mama yake amalize yote hayo, ndipo akampa ishara mpiga ngoma.

Nikamwambia, mwanangu, hapo katikati mtu atakuwa ananing'inia. Ukatwe. Akasema yuko tayari kukatwa yeye. Nikamwambia mama alisema bila kusimama. Akasema mama akiitikia mara moja, hautasimama. Na ilikuwa kweli. Kila kitu kilikuwa mikononi mwa Mama Rehema, na Mama Rehema alikuwa amewahi kutuitikia sisi kwa kutikisa mwiko.

Siku ya majaribio, Mama Rehema mwenyewe ndiye aliyesema kama Bundala anauamini wimbo wake basi apandishwe nao yeye, siyo kiroba wala mtu mwingine. Watu wakaja kutoka maduara ya jirani. Wa karasha wakazima mashine yao ya kusagia mawe, jambo ambalo sijaona wakilifanya hata kwa mazishi. Tukamshusha Bundala kwa Usinipige Picha. Alipofika chini akatingisha kamba, tayari. Mimi mkono wa kulia, Shija wa kushoto, Luhende akabonyeza.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuvuta mtu mwepesi vile. Bundala na urefu wake wote alikuwa anakuja kama ndoo tupu. Watu walikuwa wanasukuma hewa kwa mikono, kila mtu na winchi yake isiyoonekana. Tukafika katikati ya kina. Ngoma ikanyamaza. "Shikamoo mama."

Hakuna mapigo, hakuna kuzungusha. Tukafunga gogo kwa kigingi. Kambi nzima ikageukia jikoni. Mama Rehema alikuwa amebandika wali, amesimama, macho kwenye mvuke, kimya.

Ukimya wa kwenye simu ulikuwa karibu kuisha, ngoma irudi, na pengine yote yangepita. Lakini Luhende alilelewa na bibi yake. Akabonyeza simu, akausimamisha wimbo.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema mtu mzima ameamkiwa na hajaitikia, yeye hawezi kuendeleza ngoma kana kwamba hakuna mtu pale. Nikasema basi weka wimbo mwingine, tumtoe. Shija akakataa, akanikumbusha yule wa Bukombe. Nikasema tumvute kwa mdomo. Shija akasema tukimvuta kwa mdomo, wimbo wake utakuwa umeshindwa, na Rehema ameshakwenda hivyo. Nikaona watu wote wana akili siku hiyo isipokuwa mimi. Nikainama shimoni nikamwita Bundala, nikamwuliza kama ana pa kukanyaga. Akasema ana vile vitobo vya miguu tulivyochonga ukutani, yuko sawa.

"Ameitikia?" akauliza.

"Bado."

"Basi msinivute. Nangoja."

Nikavaa koti. Nikavuka kwenda jikoni kwa mara ya pili, safari hii kambi nzima nyuma yangu. Nikamwambia Mama Rehema kijana yuko nusu ya shimo. Akatoka nje, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akasimama karibu na winchi ili kila mtu amsikie.

"Nimeamkiwa na simu," akasema. "Simu nayo ina mama yake. Aitikie yeye."

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na kama ningekuwa na elimu ningeuandika wote. Mmoja akasema mwanawe yuko Mwanza, kila siku anamwamkia kwa simu na yeye anaitikia. Mwingine akasema hiyo ni kupigiwa, hii ni kurekodiwa, kuna tofauti, aliyepigiwa anaweza kukata. Dalali mmoja wa mpunga kutoka Kahama akasema watangazaji wa redio wanawasalimu wasikilizaji kila asubuhi na hajaona mtu akiitikia. Mzee wa duara la pili akasema yeye huitikia siku zote, na mkewe akathibitisha. Wakauliza je, msanii akifa, shikamoo yake kwenye wimbo inaitikiwa na nani. Watu wakaona hilo ni zito. Kutoka chini Bundala akasema yeye hajafa.

Yule mzee wa duara la pili, akiwa mtu wa kusaidia, akainama shimoni akaitikia yeye. "Marahaba."

"Nani huyo?" Bundala akauliza.

Mzee akajitambulisha.

"Sijakuamkia wewe, mzee wangu. Utaniwia radhi."

Mzee akakasirika, akasema basi amwamkie na yeye, maana ni mkubwa kuliko huyo mama. Bundala akamwamkia, mzee akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, kila kitu kikaenda vizuri ila kamba haikwenda popote. Nikamwambia Bundala amwamkie Mama Rehema upya kwa mdomo wake. Akakataa. Akasema akiamkia mara ya pili ni kama amekubali ya kwanza haikuhesabika, na ya kwanza aliitoa kwa moyo wote, tena mbele ya watu wa saluni.

"Ana kiburi," Mama Rehema akasema.

"Ana adabu iliyopitiliza," nikasema mimi, "na dawa yake siijui."

Rehema alikuwa amesimama ukingoni, mikono kifuani. Nilimwona anatazama ile kamba jinsi ilivyonyooka, na nikajua kwamba kati yetu sote ni yeye peke yake ambaye hakuwa anaona jambo hili linachekesha. Nikaacha kucheka na mimi. Miguu ya mtu kwenye vitobo inachoka, hata iwe mirefu namna gani.

Sasa kule chini hewa inapelekwa na blowa, feni kubwa yenye mpira unaoshuka hadi kwenye mwamba. Ile feni imekaa upande wa jikoni, inavuta hewa ya huko na kuisukumia shimoni, ndiyo maana wachimbaji wetu wanajua chakula cha mchana kabla yetu. Sisi juu upepo ulikuwa unatupa mgongo, hatukunusa chochote. Tulikuwa bado tunabishana juu ya simu na mama yake, tukasikia sauti kutoka kwenye duara, ya upole kabisa.

"Mama, wali unaungua."

Sikuwa nimewahi kumwona Mama Rehema akikimbia, wala sijamwona tena. Tulimsikia anaepua, tukasikia mfuniko. Wali ulikuwa umeanza kushika chini tu, mwingine wote mzima, chakula cha maduara manne. Akatoka na lile sufuria mikononi. Akaliweka chini. Akafuta mikono kwenye kitenge. Akatazama upande wa shimo, akalitazama kwa muda.

"Marahaba," akasema. Hakupaza sauti.

Luhende akabonyeza. Ngoma ikaingia, tukachomoa kigingi, tukavuta nusu ya pili yote, na Bundala akatokeza amejaa tope, miguu inamtetemeka. Kitu cha kwanza alichofanya akainamisha kichwa kumwamkia tena mama, ana kwa ana.

"Nimeshaitikia," Mama Rehema akamwambia. "Usinichoshe."

Halafu akatoa hukumu, maana watu walikuwa wanaingoja. Akasema wimbo umesimama, kila mtu ameona umesimama, kwa hiyo sharti lake halikutimia. Bundala akashusha mabega. Rehema akasema, "Lakini amefika mzima," akaingia jikoni kupakua. Mama Rehema akamtazama mwanawe, akamtazama Bundala, akasema wimbo hautupwi kwa tundu moja, utarekebishwa. Bundala akasema hawezi kuukata ule ukimya hata kama atakosa mke. Mama akasema nani amezungumzia kukata.

Wakapanda basi la Kahama wote wawili, Bundala na Mama Rehema, mama na kapu lake. Mengine nimesimuliwa na mwenye studio. Aliingia akasema magodoro yananuka, yakatolewa juani, wakangoja yakauke. Akauliza anasimama wapi. Akaonyeshwa. Wakampigia wimbo hadi kwenye "Shikamoo mama," na yeye hakujibu mara moja. Aliliweka kapu chini, akafuta mikono, akamtazama Bundala aliyekuwa amesimama mlangoni. Mwenye studio anasema alidhani amesahau, akataka kumwashiria, Bundala akamzuia.

Huo ndio wa kwanza kwenye orodha yangu kwa sasa, na sijaona wa kuushinda. Uwekeni mtu akiwa kwenye kamba, msiuogope. Ngoma itanyamaza, shikamoo itapita, mtafunga kigingi mngoje, urefu uleule wa zamani, haukupunguzwa hata kidogo. Halafu mtasikia mama wa watu, karibu kabisa, kama yuko nyuma yenu:

"Marahaba, mwanangu. Haya ninyi, vuteni, mtu ananing'inia."